Ngoma Si Uhuni, Baba!

*Aliambiwa mwanamke hashiki mirisho ya ngoma. Akaambiwa hataolewa. Leo baba yake ndiye anayemuuliza ratiba ya mazoezi. Mhariri wako alifunga safari hadi Ngara na Biharamulo, akarudi na stori ambayo kila kijana, kila mzazi na kila mchumba anapaswa kuisoma.*

Msomaji wangu, hebu niambie ukweli. Uliwahi kupenda kitu ukiwa mdogo, ukapenda kweli kweli, halafu mtu mzima akakuambia "acha upuuzi, kashike daftari"? Najua jibu. Wengi wetu tumepita hapo. Kuna aliyependa kuchora akaambiwa wachoraji wote ni mateja. Kuna aliyependa mpira akachaniwa jezi. Kuna aliyetaka kushona nguo, mtoto wa kiume, akaambiwa ushonaji ni kazi ya dada zake. Wazazi wetu walitaka daktari, mhandisi, mhasibu, au basi angalau mtu wa serikali mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi.

Wengine tulitii, tukavaa tai, na leo tuko ofisini tunaangalia saa. Wengine walikaidi wakaondoka nyumbani kwa ugomvi. Lakini kuna kundi la tatu ambalo halizungumzwi sana. Hawa hawakukaidi na wala hawakuacha. Waliendelea na kile walichokipenda taratibu, kwa heshima, hadi nyumba nzima ikageuka ikawafuata.

Mmoja wao namjua vizuri. Ni binti wa mama yangu mdogo, kwa hiyo kwa mila zetu ni mdogo wangu wa damu. Ana miaka ishirini na sita, anaishi Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, na anapiga ngoma. Ameniomba jina lake nisilitaje kwa kuwa mambo ya posa bado ni mabichi, na mimi nimemwahidi. Nitamwita tu mdogo wangu.

NCHI YA NGOMA

Kwa wasiofika huko, Ngara ni ile pembe ya Kagera inayopakana na Rwanda na Burundi kwa wakati mmoja. Kuna milima na migomba, na kuna maporomoko ya Rusumo pale mto Kagera unapoitenganisha Tanzania na Rwanda. Ni hapo Rusumo ambapo mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja kuingia Ngara ndani ya saa ishirini na nne tu, wakikimbia Rwanda. Wazee wa huko mpaka leo wakitaja "Benaco" wanapunguza sauti.

Wenyeji ni Wahangaza na Washubi. Lugha zao ziko karibu sana na Kirundi na Kinyarwanda, na utamaduni nao vivyo hivyo. Mpaka umechorwa kwenye ramani, ngoma haiujui. Ukiwa Ngara kwenye harusi, kipaimara au jubilei ya padri, ngoma lazima ziwepo, zile kubwa za mti mmoja uliochimbwa katikati, zimewambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti.

Sasa sikiliza maajabu haya. Kule Burundi, ambako ngoma za kifalme zilikuwa kitu kitakatifu, sehemu za ngoma zina majina ya mwili na heshima ya mwanamke. Vile vigingi vinavyoshika ngozi vinaitwa *amabere*, yaani matiti. Kuna *urugori*, taji la mwanamke aliyezaa. Kuna *umukondo*, kitovu. Ngoma yenyewe ni mama. Lakini mama huyo anapigwa na wanaume peke yao! Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma hizo za Burundi katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, na mwaka 2017 serikali ya Burundi ikatoa amri rasmi kwamba wanawake wasizipige.

Ngara ni Tanzania, sheria hiyo haihusu. Lakini mila haiombi viza. Mdogo wangu alikulia katikati ya fikra hizo hizo.

KASETI YA SAIDA

Baba yake, ambaye mimi namwita baba mdogo, ana duka la vipuri vya magari Nyakanazi. Kama umewahi kusafiri kwenda Kigoma, Ngara au Bukoba unapajua. Ni njia panda. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapumzika hapo, madereva wanakula, wanakunywa chai, wanatengeneza breki. Dukani kwa baba mdogo redio haizimwi. Mchana ni Radio Kwizera, ile iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Jioni, enzi zile, ilikuwa ni kaseti. Na kaseti iliyochakaa kuliko zote ilikuwa ya Saida Karoli.

Unamkumbuka Saida? Binti wa Bukoba vijijini, mzaliwa wa 1976, aliyetoka na albamu yake mwaka 2001 akiimba Kihaya na nchi nzima ikacheza bila kuelewa neno. *Maria Salome*, ambao mtaani wengi waliuita "Chambua Kama Karanga", ulipigwa kwenye daladala za Dar, kwenye harusi za Mwanza, mpaka Uganda. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia kwa jina la *Salome*, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa 2001 nao wakaucheza. Saida alikuwa mwanamke wa Kagera, tena mwenye ngoma!

"Baba alikuwa anamsikiliza Saida huku anapiga kaunta kwa vidole," mdogo wangu ananisimulia tukiwa tumekaa nyuma ya duka, juu ya matairi. "Mimi nilikuwa najibu kwa kupiga ndoo. Akawa anacheka. Nilipokuwa mdogo ilikuwa ni kichekesho. Nilipoota maziwa ikawa ni aibu."

Alipelekwa kusoma sekondari Ngara, akakaa kwa kaka wa baba yake, baba mkubwa. Huko parokiani kulikuwa na kikundi cha ngoma kilichofundishwa na mzee mmoja fundi wa kuchonga ngoma. Wasichana walikuwa wanacheza, wavulana wanapiga. Siku moja mvulana mmoja hakuja, na mzee yule akasema, "Nani anajua mpigo wa pili?" Mdogo wangu akanyoosha mkono.

"Mkono wenyewe ulikuwa unatetemeka," anasema. "Lakini nilipopiga, nikasahau kama kuna watu."

MATOKEO YALIPOTOKA

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2016. Baba mdogo alikuwa ameshamchagulia chuo cha uuguzi. Matokeo yakatoka, sayansi zikawa zimekataa. Nyumbani kukawa kimya kama msibani. Akarudishwa Nyakanazi kukaa dukani.

Mimi nilimwona mwaka ule nilipoenda kusalimia. Nilishtuka. Alikuwa haongei. Mteja akiuliza bei anajibu akitazama chini. Madereva wa malori, watu waliozoea kubishana bei kwenye nchi nne, walikuwa wanamchezea watakavyo. Anataja elfu arobaini, wanaweka ishirini na tano kaunta, wanaondoka na kipuri. Baba yake jioni akihesabu pesa anapiga kelele. Kesho yake binti anazidi kunyamaza.

Wataalamu wa saikolojia watakuambia kujiamini hakuji kwa kuambiwa "jiamini". Kunakuja pale mtu anapofanya kitu kigumu, akakiweza, na akaona kwa macho yake kuwa amekiweza. Mdogo wangu hakuwa na kitu hicho. Alikuwa na cheti chenye matokeo mabaya na kaunta yenye madereva wakali.

Mwaka 2018 akarudi kwenye kikundi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi anapanda mchomoko kutoka Nyakanazi, anapita Lusahunga, anashuka Ngara, anafanya mazoezi, analala kwa baba mkubwa, Jumapili baada ya misa anarudi. Nyumbani alisema anakwenda kumsaidia mama mkubwa shambani. Ilichukua miezi mitatu tu dereva mmoja wa mchomoko kumsalimia baba mdogo kwa furaha, "Mzee, hongera, binti yako juzi katupigia ngoma si mchezo!"

Hapo ndipo moto ulipowaka.

BABA ALIOGOPA NINI?

Kwenye hadithi za aina hii mzazi huwa ndiye adui. Mimi nilitaka kumsikia mwenyewe. Nilimkuta dukani, nikamsalimia "shikamoo baba", nikamwuliza bila kuzunguka.

"Nikuambie kitu, mwanangu," alisema huku anafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. "Wewe uko mjini, unaandika. Mimi nimekaa kwenye hii barabara tangu mabasi yalipokuwa yanatoka kwa msafara, askari mbele, askari nyuma, kwa sababu ya majambazi. Nimeona watu wamevuliwa nguo porini. Halafu mtoto wangu wa kike awe anarudi usiku kutoka kwenye sherehe, kwenye gari lenye walevi? Na hapa Nyakanazi unajua wasichana wanavyoharibika na madereva. Watu wakisikia 'anapiga ngoma kwenye masherehe' hawasikii ngoma. Wanasikia baa."

Nikamwuliza, na ile mila ya kwamba mwanamke hapigi?

Akacheka kidogo. "Ile niliisema kwa sababu nilikosa neno lingine."

Msomaji, hapo nilijifunza kitu. Mara nyingi mzazi anapokataa, sababu anayoitaja siyo sababu aliyonayo. Anataja mila, dini, majirani. Ndani kuna hofu: atadhurika, atakosa pesa, atachezewa, hataolewa. Ukibishana na mila utabishana mpaka kiama. Ukiijibu hofu, mnaweza kufika mahali.

Neno lililomuuma zaidi mdogo wangu lilikuwa hilo la ndoa. "Nani ataleta barua ya posa kwenye nyumba ya mpiga ngoma?" Baba alilisema mbele ya wadogo zake. Yeye akajibu jambo moja tu, kwa sauti ya chini: "Baba, mbona Saida ulimnunua mara mbili, kaseti ya kwanza ilipokatika?"

Hakujibiwa. Lakini na yeye hakuendelea. Aliinuka akaenda kupika.

DAFTARI LA KURASA MIA MOJA

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Hakukimbia nyumbani, na hakuacha ngoma. Alikwenda kununua daftari.

Kwanza, alimwomba mama yake awe shahidi. Akaweka masharti yake mwenyewe kabla ya kuwekewa: hatapiga kwenye baa, hatalala popote isipokuwa kwa baba mkubwa, na kila sherehe ataitaja mapema, mahali na saa. Pili, aliwaambia wenzake wa kikundi kwamba usafiri wa kurudi lazima uwe kwenye makubaliano na mwenye sherehe, siyo bahati nasibu. Wenzake walimcheka mwanzoni. Baadaye wakaona hata wao wanafika nyumbani salama. Tatu, kila senti aliyopata aliiandika. Kushoto aliandika alichopata, kulia kilikokwenda.

Nililisoma daftari hilo. Sherehe nyingine zilimlipa elfu kumi na tano, nyingine thelathini. Kuna siku imeandikwa "hawakulipa, walitupa wali." Upande wa kulia: nauli, mafuta ya kupaka, sare ya kikundi, viatu vya mdogo wake wa kiume, michango ya shule ya mdogo wake huyo huyo, sukari ya nyumbani. Hakuna utajiri humo. Lakini kuna mtu anayejua anachokifanya.

Na dukani? Hapo ndipo muujiza ulipotokea bila mtu kuutangaza. Binti aliyekuwa anatazama chini akaanza kutazama juu. Dereva anaweka ishirini na tano, yeye anaisukuma nyuma kwa kidole kimoja na kusema, "Kaka, bei niliyotaja umeisikia." Nilimwuliza alipata wapi ujasiri huo.

"Dada, ukishasimama katikati ya watu mia tatu, wote wanakuangalia, na ukikosea mpigo mmoja kikundi kizima kinaanguka," alisema, "dereva mmoja wa lori anakutisha nini?"

SIKU YA SENDOFF

Agosti 2022 dada yake mkubwa alikuwa anaagwa, sherehe ikafanyika Biharamulo mjini. Kamati ilikaa kupanga burudani. Baba mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo na neno lake halipingwi, akasema kutoka kwenye kiti chake, "Ngoma zitatoka Ngara. Kile kikundi cha parokiani." Baba mdogo akakohoa. Kamati ikaandika.

Mimi nilikuwepo. Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vya zambarau na dhahabu kama ilivyo desturi, MC anaongea bila kuchoka, keki ya ghorofa imesimama. Kikundi kikaingia na ngoma saba kichwani. Wanaume sita, na yeye. Alikuwa amefunga kichwa, amevaa sare kama wenzake. MC hakujua lolote. Akatangaza tu, "Wageni wetu kutoka Ngara!"

Alianza mwenzake, kisha akaitikia yeye. Sitakuelezea mpigo kwa maneno, haiwezekani. Nitakuambia nilichokiona. Nilimwona baba mdogo meza kuu ameweka mikono yake yote miwili chini ya meza. Nilimwona mama mdogo anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Baba mkubwa akainuka wa kwanza kwenda kutunza, akafuatwa na mashangazi na vigelegele. Noti zikawa zinaanguka kwenye ngozi ya ngoma na kuruka. Baba mdogo bado amekaa.

Halafu akainuka. Ukumbi wa watu wa kwetu unajua kusoma mambo, kelele zikapungua zenyewe. Akatembea polepole, akaweka noti ya elfu kumi juu ya kitambaa alichofunga kichwani bintiye. Hakurudi kwenye kiti. Alibaki amesimama pembeni ya ngoma mpaka wimbo ulipoisha, kama mtu anayesikiliza injini.

Usiku ule alimwambia maneno machache tu. Hakumwambia samahani, wala hakumwambia najivunia wewe. Wazee wetu hawana maneno hayo. Alisema, "Mkono wako wa kushoto ni mzito kuliko wa kulia. Bibi yako alikuwa hivyo hivyo kwenye kutwanga."

Mdogo wangu anasema hakulala.

NA MCHUMBA JE?

Ninyi wapenzi mnaosoma makala hii mkiwa wawili, sehemu hii ni yenu. Mchumba wake ni mwalimu wa sekondari huko Ngara. Alimwona kwa mara ya kwanza akipiga ngoma, kwa hiyo hawezi kusema hakujua. Nilimwuliza kama hapati taabu mke wake mtarajiwa kuangaliwa na ukumbi mzima.

"Mwanzoni nilikuwa na wivu, sitaki kukudanganya," alisema. "Kuna sherehe nilikwenda nikakaa nimenuna. Baadaye nikajiuliza, nilimpendea nini? Nilimpenda kwa sababu ya ule uhai anaokuwa nao pale mbele. Sasa nikiuzima, nitakuwa nimeoa nani?"

Vijana wa kiume, someni tena sentensi hiyo. Wangapi wanampenda msichana kwa sababu anaimba, anafanya biashara, anaongea vizuri, halafu wakishamvisha pete wanamtaka akae kimya ndani?

Mambo siyo asali tupu. Mama wa kijana bado hajaridhika. Anasema mke wa mwalimu anatakiwa awe na utulivu. Posa ilipopelekwa mwaka 2024, jambo hilo liliwekwa mezani mbele ya washenga, na anayetetea, huwezi kuamini, alikuwa baba mdogo. Alisema wazi: mahari tutazungumza, lakini binti yangu mnamchukua na ngoma yake. Upande wa pili waliomba muda wakazungumze. Wameshazungumza mara mbili. Tarehe ya harusi haijapangwa.

Nilimwuliza mdogo wangu kama anaogopa. Alinyamaza kidogo. "Naogopa," alisema. "Lakini zamani ningekuwa nimeshaacha ngoma ili nisiogope."

HAYUKO PEKE YAKE

Vuka Rusumo, endelea hadi kusini mwa Rwanda, Butare, mji unaoitwa pia Huye. Huko mwaka 2004 msanii Odile Gakire Katese alianzisha Ingoma Nshya, kikundi cha wanawake wapiga ngoma katika nchi ambayo ngoma ilikuwa ya wanaume. Jina lake maana yake ni "ngoma mpya", na katika Kinyarwanda *ingoma* ni ufalme pia. Walikutana humo wajane wa mauaji ya kimbari na wanawake ambao waume zao walikuwa upande wa wauaji, wakapiga ngoma moja. Mwaka 2010 baadhi yao walifungua duka la aiskrimu, Inzozi Nziza, "ndoto njema". Filamu kuhusu safari yao, *Sweet Dreams*, ilitoka 2012.

Rudi nyumbani, Zanzibar. Bi Kidude aliimba taarabu na kupiga ngoma za unyago kwa miongo mingi, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na alipofariki Aprili 2013 nchi nzima ilimlilia bibi huyu aliyewahi kuonekana mkaidi.

Na kwa wanaodhani uungwaji mkono wa familia unakuja baada ya pesa tu, mkumbukeni Diamond wa Tandale. Amesimulia mwenyewe kwamba aliuza pete ya mama yake ili alipie studio. Mama huyo angeweza kumfukuza. Alibaki upande wake wakati hakuna aliyemjua kijana huyo nje ya mtaa.

FANYA HAYA

Nimekaa na stori hii kwa muda, na haya ndiyo niliyoyaokota.

*Kwa wewe kijana:*

1. Itafute hofu iliyo nyuma ya "hapana". Muulize mzazi kwa upole anachokiogopa, halafu shughulika na hicho.
2. Jiwekee masharti kabla hujawekewa. Mzazi akiona una mipaka, nusu ya vita imeisha.
3. Andika hesabu. Daftari linaongea lugha ambayo baba anaielewa.
4. Usiache wajibu wa nyumbani. Mdogo wangu hakuwahi kufungua duka saa nne kwa kisingizio cha ngoma.
5. Tafuta mtu mzima mmoja atakayekuelewa. Baba mkubwa, shangazi, paroko, mwalimu. Nyumba zetu hazina mlango mmoja.

*Kwa mzazi:*

1. Kabla ya kukataza, nenda ukaangalie. Mara moja tu. Baba mdogo alipinga kwa miaka minne kitu ambacho hakuwahi kukiona.
2. Mtoto aliyefeli mtihani hajafeli maisha. Kama kuna kitu kinamfanya anyanyue uso, usikiue kwa haraka.
3. Sema neno zuri hata kama ni moja. Litakaa na mwanao kuliko ada uliyolipa.

*Kwa wachumba:*

1. Zungumzeni mapema, kabla ya washenga. Mwenzako anapenda nini, anatumia muda gani, usafiri wa usiku utakuwaje, mkipata mtoto itakuwaje.
2. Wivu ukikuingia, useme. Ukinuna, hakuna anayejua unachotaka.
3. Usimtumie mama yako kusema maneno ambayo wewe mwenyewe unaogopa kuyasema.

Simaanishi kila anayependa ngoma atakuwa Saida Karoli. Wengi hawatakuwa. Mdogo wangu mwenyewe hana albamu, hana video, na Jumatatu hadi Ijumaa anauza breki na filta za mafuta. Lakini anaiongoza safu ya ngoma saba sasa, mzee fundi amemkabidhi mirisho yake, na wasichana watatu wa parokia wameanza kujifunza. Wazazi wao walikuja kumwuliza mtu mmoja kama ni salama kuwaachia.

Walimwuliza baba mdogo. Alisitisha mauzo, akatoa daftari chini ya kaunta, akawaonyesha.

Na wewe, unapenda nini ambacho bado hujawaambia nyumbani? Kazi kwako.